Tumeshika Nini? Kingamwili SC35 na Miaka Thelathini ya Jina Lisilo Lake



Mada yangu ni kichupa kimoja. Kinafika maabara kikiwa kimezungukwa na barafu, ndani yake mna matone machache ya kimiminika kisicho na rangi, na nje kimebandikwa lebo inayosema: kingamwili dhidi ya SC35. SC35 ni jina la protini inayofanya kazi ndani ya kiini cha seli. Watafiti wa nchi nyingi wamenunua kingamwili hiyo, wamepiga nayo picha nzuri za seli, na wameandika makala nyingi. Mwaka 2020 ikabainika kwamba kitu kinachoshikwa hasa na kingamwili hiyo ni protini nyingine kabisa. Nataka tufuatilie jinsi jambo hilo lilivyotokea, kwa sababu ndani yake mna somo ambalo kila mwanafunzi wa maabara anapaswa kulishika tangu mwaka wa kwanza: lebo ya kichupa ni dai, na dai hupimwa.

Ujumbe unaokatwa na kuungwa

Tuanze na kazi ambayo protini hizi huifanya. Maelekezo ya kutengeneza protini yameandikwa katika DNA, ndani ya kiini cha seli. Seli inapohitaji protini fulani hunakili jeni yake katika molekuli ya RNA, na RNA hiyo ndiyo inayotoka kwenda kusomwa. Zamani wengi walitarajia kwamba jeni zetu zimeandikwa mfululizo, kama zilivyo jeni za bakteria. Mwaka 1977 makundi mawili nchini Marekani, moja la Phillip Sharp huko MIT na jingine la Richard Roberts huko Cold Spring Harbor, yalichunguza kirusi kiitwacho adenovirusi na kukuta kwamba ujumbe wake wa RNA umeundwa na vipande vinavyotoka sehemu zilizo mbalimbali katika DNA. Katikati ya vipande hivyo kulikuwa na sehemu ndefu zilizonakiliwa, kisha zikaondolewa. Kwa ugunduzi huo Sharp na Roberts walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Vipande vinavyobaki huitwa eksoni, na vinavyoondolewa huitwa introni. Ukubwa wa kazi hii unashangaza. Jeni ya distrofini, protini inayolinda misuli yetu, ina urefu wa zaidi ya herufi milioni 2. Ujumbe unaotoka baada ya kukata na kuunga una herufi zipatazo 14,000, zilizokusanywa kutoka eksoni 79. Zaidi ya asilimia 99 ya nakala ya kwanza hutupwa, na kila mkato lazima uangukie penyewe bila kukosea hata herufi moja.

Mkato ukikosewa, mtu huugua. Ndugu zetu wanaoishi Oman wanaujua vizuri ugonjwa wa damu uitwao thalasemia ya beta. Badiliko la jeni linaloongoza kwa kuusababisha nchini humo ni la herufi moja tu: katika nafasi ya 5 ya introni ya kwanza ya jeni ya globini beta, G imekuwa C. Herufi hiyo imo katika sehemu inayotupwa, kwa hiyo haibadilishi maelekezo ya protini yenyewe. Lakini inadhoofisha alama inayoonyesha pa kukata, na seli huishia kukata mahali pasipostahili. Mtoto aliyerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama hukosa globini ya kutosha, na mara nyingi huishi kwa kuongezewa damu.

Mtambo unaofanya mikato hii huitwa splaisosomu. Umeundwa na RNA ndogo tano, zijulikanazo kama U1, U2, U4, U5 na U6, pamoja na protini zaidi ya mia moja. Ni mkubwa, unaundwa na kuvunjwa upya katika kila kazi, na hauonekani kwa macho. Ili kuujua, watafiti walihitaji kitu cha kushika sehemu zake moja moja. Kitu hicho kilikuwa kingamwili.

Kingamwili kama chombo cha kazi

Kingamwili ni protini ambayo miili yetu huitengeneza ili kutambua wageni kama vile virusi na bakteria. Ina umbo la herufi Y, na katika ncha za mikono yake miwili kuna sehemu inayokaa barabara juu ya kipande kidogo cha kitu inachokitambua, mara nyingi asidi amino chache tu. Wengi wenu mmeshaitumia bila kuitaja jina. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika katika zahanati zetu kina mstari wa kingamwili unaonasa protini ya kimelea iitwayo HRP2. Damu ikiwa na protini hiyo, mstari unajitokeza. Na mfano huohuo unatufundisha mpaka wa chombo hiki: nchini Eritrea vimeonekana vimelea vya malaria vilivyopoteza jeni ya HRP2, na kipimo kinachotegemea protini hiyo pekee kinaweza kunyamaza hali mgonjwa ana malaria. Kingamwili hutoa habari za kile kipande kidogo inachokigusa. Mengine yote tunayaongeza sisi.

Kingamwili za kwanza zilizofungua njia ya kuielewa splaisosomu zilitoka kwa wagonjwa. Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mwili wenyewe, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Mwaka 1966 Eng Tan na Henry Kunkel walieleza kingamwili katika damu ya wagonjwa wa lupasi iliyoshika kitu fulani ndani ya kiini cha seli. Kitu hicho kikaitwa Sm, kwa herufi za mwanzo za jina la mgonjwa, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua kazi yake.

Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Yale, Michael Lerner, aliyekuwa mwanafunzi wa Joan Steitz, alitumia kingamwili za wagonjwa hao kunasa kile kilichoshikwa. Walikuta RNA ndogo za kiini zikiwa zimefungamana na protini. Mwaka uliofuata, pamoja na wenzao, walitoa hoja kwamba chembe hizo zinahusika na ukataji na uungaji wa RNA, kwa sababu mwanzo wa RNA ya U1 una herufi zinazooana na herufi za mpaka wa eksoni na introni. Mwaka 1981 jaribio lilionyesha kwamba kingamwili hizo zikiingizwa katika viini vya seli vilivyotengwa, uungaji wa RNA ya adenovirusi unazuilika. Hoja ikapata mashiko.

Tazameni mpangilio wa hatua zao. Kwanza walikuwa na kingamwili. Kisha wakakivua kilichoshikwa na kukichunguza. Kisha wakaitumia kingamwili kuzuia kazi na kuona matokeo. Hawakuwa na lebo ya kuitegemea, kwa hiyo iliwabidi wajue wenyewe wameshika nini.

Damu ya mgonjwa haiwezi kuwa bidhaa ya kudumu. Ina kingamwili za aina nyingi zilizochanganyika, na huisha. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa imeshapatikana Cambridge, Uingereza, ambako mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika. Seli iliyozaliwa hutoa kingamwili ya aina moja tu, mwaka hadi mwaka. Wawili hao walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1984. Kwa njia hiyo, mwaka 1981, kundi la Yale lilipata kingamwili iitwayo Y12, inayotambua protini za Sm, kutoka kwa panya wa ukoo unaougua maradhi yanayofanana na lupasi. Y12 inatumika hadi leo.

SC35 inazaliwa

Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Xiang-Dong Fu na Tom Maniatis walichukua njia ya ujasiri. Badala ya kumdunga panya protini moja iliyosafishwa, walimdunga mchanganyiko wenye splaisosomu iliyotengwa, kisha wakachagua miongoni mwa kingamwili zilizopatikana ile iliyowafaa. Mojawapo ilionekana kutambua protini yenye uzito wa kilodaltoni 35, ambayo ni ya lazima ili splaisosomu iundwe. Waliiita SC35. Baadaye jeni yake ilipatikana, na leo protini hiyo inajulikana rasmi kama SRSF2.

Kingamwili hiyo ilipowekwa juu ya seli na kutazamwa kwa hadubini, ilitoa picha safi mno. Ndani ya kiini palionekana madoa yanayong'aa, kwa kawaida kati ya 20 na 50, yenye mipaka iliyo wazi. Ndani ya madoa hayo ya kiini hukusanyika protini nyingi za ukataji na uungaji wa RNA. Tangu hapo, mtafiti aliyetaka kuonyesha madoa ya kiini alichukua kingamwili SC35. Ikawa kipimo cha kawaida: protini yako mpya ikikaa pamoja na mng'ao wa SC35, unaandika kwamba inakaa kwenye madoa pamoja na SRSF2.

Sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo ilikuwa kweli, ila jina lililofungwa mwishoni ndilo lililokuwa na kasoro. Mvuvi anayevuta mshipi usiku huhisi uzito na nguvu ya samaki, na anajua amemnasa wapi majini. Lakini hamtaji kuwa changu au chewa kabla ya kumtoa majini na kumwona. Picha za hadubini zilikuwa zinatuambia mahali. Jina lilitoka kwenye mstari wa kilodaltoni 35 uliosomwa mwaka 1990 kwa jeli, ambayo hutenganisha protini kwa ukubwa, na kila aliyefuata alilipokea.

Berlin, mwaka 2020

Kundi la Tuğçe Aktaş katika Taasisi ya Max Planck ya Jenetiki ya Molekuli, Berlin, likiwa na İbrahim Avşar Ilık kama mwandishi wa kwanza, lilifanya kile ambacho Lerner na Steitz walikifanya miaka arobaini kabla. Waliitumia kingamwili SC35 kunasa protini kutoka kwenye seli, kisha wakakipitisha kilichonaswa katika spektrometa ya masi, chombo kinachotambua protini kwa uzito wa vipande vyake. Jibu lilitofautiana na lebo. Kilichoongoza kilikuwa SRRM2, protini kubwa sana, yenye uzito unaokaribia kilodaltoni 300.

Hawakuishia hapo. Walihariri jeni ya SRRM2 ndani ya seli ili protini yake ifupishwe katika sehemu mbalimbali, kisha wakaipima tena kwa kingamwili SC35. Ikiwa kingamwili inashika SRRM2, basi alama yake kwenye jeli lazima ihame kila protini inapofupishwa. Na ndivyo ilivyokuwa. Hapo hoja ilikamilika kwa njia mbili zisizotegemeana: kilichonaswa ni SRRM2, na kuikata SRRM2 kunabadilisha kile kingamwili inachokiona.

Ni haki tueleze kwa nini kosa hilo liliwezekana, maana waliohusika walikuwa mabingwa. Majina yenyewe yanatupa dalili. SRSF2 na SRRM2 zote zimejaa asidi amino mbili zinazojirudia, serini na ajinini, na herufi S na R zinatokana nazo. Jamii hii ya protini ina vipande vinavyofanana kama ndugu wa baba mmoja, na kingamwili inayoshika kipande kidogo inaweza kuyumba kati ya ndugu hao. Tena, protini yenye kilodaltoni 300 hupenya jeli kwa taabu na huhamia polepole kwenye utando ambako kingamwili huwekwa ili kuitafuta. Mtafiti anayetazama sehemu ya chini ya utando, ambako anatarajia kilodaltoni 35, anaweza asiione kamwe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha habari hii. Kwa miaka mingi wanasayansi walijiuliza ni protini gani inayoyashikilia madoa ya kiini pamoja, kwa sababu madoa hayo hayana utando unaoyazunguka. Walijaribu kuondoa protini moja baada ya nyingine. Kundi la Berlin lilionyesha kwamba ukiondoa protini iitwayo SON, madoa huvunjika kwa sehemu tu; ukiondoa SON na SRRM2 kwa pamoja, madoa hutoweka karibu kabisa. Nguzo za madoa, basi, yaelekea ni SON na SRRM2. Yaani kingamwili iliyotumika kila siku kuyapigia picha madoa ilikuwa imekaa juu ya mojawapo ya nguzo zake tangu mwaka 1990. Kidole kilikuwa kimeelekezwa kwenye jibu. Jina lisilo sahihi ndilo lililotufanya tusilisome.

Kuna hasara nyingine inayogusa wagonjwa. Mwaka 2011 watafiti wa Japani na wenzao waligundua kwamba jeni ya SRSF2, pamoja na jeni nyingine za splaisosomu kama SF3B1 na U2AF1, hubadilika katika baadhi ya maradhi ya uboho yanayoweza kuishia kuwa saratani ya damu. Katika SRSF2 badiliko huangukia hasa kwenye asidi amino ya 95. Mtafiti anayetaka kupima wingi au mahali pa SRSF2 katika seli za wagonjwa hao, akatumia kingamwili SC35 kwa kuamini lebo, atakuwa amepima SRRM2. Hesabu zake zinaweza kuwa safi, takwimu zake zikakubalika, na hitimisho lake likawa linahusu protini ambayo hakuigusa.

Tatizo ni la wengi

Ingekuwa nafuu kama SC35 ingekuwa peke yake. Mwaka 2023 mradi wa YCharOS, wenye makao Montreal, Kanada, ulichapisha matokeo ya kupima kingamwili 614 zinazouzwa kibiashara, dhidi ya protini 65. Njia yao ni rahisi kueleza: chukua seli za kawaida, na seli zilezile zilizoondolewa jeni ya protini husika. Kingamwili nzuri itaonyesha alama katika seli za kwanza na kunyamaza katika za pili. Zaidi ya nusu ya kingamwili hizo zilishindwa katika matumizi mojawapo au zaidi. Na kwa wastani, kila protini ilikuwa na makala zipatazo 12 zilizochapishwa zenye matokeo ya kingamwili isiyoitambua protini hiyo. Nyuma ya kila makala kuna mwanafunzi, kuna fedha za umma, na mara nyingi kuna sampuli ambazo mgonjwa alizitoa kwa imani.

Utafiti huohuo una upande wa matumaini. Theluthi mbili hivi za protini zilizopimwa zilikuwa na angalau kingamwili moja inayofanya kazi vizuri. Kwa hiyo bidhaa nzuri zipo. Tunachokosa ni mazoea ya kuzitenganisha na mbaya.

Njia za kuzitenganisha nazo zinajulikana. Mwaka 2016 kundi la kimataifa lililomhusisha Mathias Uhlén wa Sweden lilipendekeza nguzo tano. Ya kwanza ni kuondoa au kupunguza jeni na kuona kama alama inatoweka. Ya pili ni kulinganisha matokeo na kipimo kisichotumia kingamwili kabisa. Ya tatu ni kutumia kingamwili mbili zinazoshika sehemu tofauti za protini ileile. Ya nne ni kuifunga protini alama nyingine inayoonekana na kuangalia kama zinakaa pamoja. Ya tano ni kunasa kilichoshikwa na kukitambua kwa spektrometa ya masi. Mkikumbuka kazi ya Berlin, mtaona kwamba ilisimama juu ya nguzo ya kwanza na ya tano.

Wajibu wetu hapa

Najua mtakaloniuliza. Spektrometa za masi ni chache katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Kichupa cha mikrolita 100 kinaagizwa Ulaya au Marekani, kinapita forodhani, kinaweza kukaa uwanja wa ndege hadi barafu ikayeyuka, na bei yake inameza fungu la mwanafunzi. Iweje tumwombe anunue na kipimo cha kukihakiki?

Jibu langu ni kwamba uchache wa fedha ndio sababu kubwa ya kuhakiki. Maabara tajiri ikinunua kingamwili mbovu, inanunua nyingine wiki ijayo. Maabara yetu ikinunua mbovu, shahada ya mtu inasimama. Na mengi ya kufanya hayadai chombo cha gharama.

Kabla ya kuagiza, mwanafunzi aombe kuona matokeo ya kingamwili hiyo katika seli zilizoondolewa jeni husika. Taarifa za YCharOS zimewekwa wazi kwa yeyote kuzisoma bila malipo. Achague, inapowezekana, kingamwili rekombinanti, ambayo mfuatano wa jeni zake unajulikana na inaweza kutengenezwa upya ileile, kuliko ile inayotokana na damu ya sungura mmoja itakayokwisha. Kichupa kikifika, akipime katika kazi ileile atakayoifanya, kwa sababu kingamwili inayofaulu kwenye utando inaweza kufeli chini ya hadubini. Anapoendesha jeli, atazame utando mzima kutoka juu hadi chini, na auchapishe mzima. Katika makala aandike jina la kloni (ukoo wa seli zinazotoa kingamwili hiyo), namba ya bidhaa na namba ya toleo, ili mwingine aweze kurudia kazi yake. Na kama ana SC35 kwenye friji, aendelee kuitumia kuonyesha madoa ya kiini, kazi ambayo inaifanya vizuri. Ila aandike kwamba anaonyesha SRRM2.

Kwa wahadhiri wenzangu nina ombi zito zaidi. Mwanafunzi anapokuja na matokeo yanayoonyesha kwamba kingamwili ya mradi haishiki kilichoandikwa, tusimwambie amepoteza muda. Amefanya ugunduzi, na ugunduzi huo una thamani kwa kila atakayefungua kichupa kama hicho Dodoma, Eldoret, Kampala au Kigali. Tumpe nafasi ya kuuandika katika tasnifu yake, tuuhesabu katika alama zake, na tuutangaze kwa vyuo vingine. Na tangu siku tunapoandika maombi ya fedha za utafiti, tuweke fungu la uhakiki katika bajeti kwa jina lake, karibu na fungu la kununulia kingamwili yenyewe. Mfadhili akiuliza ni la nini, tumjibu kwamba ni gharama ya kuwa na haki ya kuitaja protini kwa jina.